Taa Niliyoizima kwa Spana Namba Kumi

Nilimdanganya dada yangu mchana kweupe, tena mbele ya mumewe. Kosa ni langu, simsingizii shetani. Jina silitaji, ingawa hapa Newala hata nikijifunika blanketi watanijua kwa miguu.

Mimi ni mjomba. Kwetu sisi mjomba si mtu wa kukaribishwa chai tu. Binti wa dada akiingia unyago, mjomba mkubwa ndiye anayemleta nyumbani siku ya kutoka. Akiharibu hapo, heshima hiyo wanampa mwingine. Nami mjomba mkubwa nilikuwa na kitu cha ziada: gari!

Mnakumbuka biashara ilipofunguliwa, magari yaliyochoka huko Japani yakaanza kupanda mpaka huku kwetu. Korosho za mwaka ule zilinitendea wema, nikapata moja dogo, jeupe. Hata sokoni, hatua mia mbili kutoka kwangu, nilikuwa naenda nalo.

Haukupita muda ikawaka taa ya njano yenye picha ya injini. Nikashuka Masasi kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Akachomeka waya chini ya usukani, akasoma.

"Mzee, namba hii ni ya masega. Yale ya kwenye ekzosi, yanayosafisha moshi."

"Yamekufa?"

"Bado. Plagi yako moja haichomi vizuri, petroli inapita mbichi na kwenda kuyaunguza. Badilisha plagi, halafu endesha siku kadhaa. Gari litajipima, na likiridhika taa itazimika yenyewe."

Jamani! Katika maelezo yote hayo, mimi nilisikia maneno matatu ya mwisho. Plagi sikununua. Nikarudi Newala kungoja taa ijizimie.

Haikuzima. Jirani yangu mmoja, dereva wa lori, akaniambia nichomoe waya wa betri, ningoje kidogo, nirudishe. Nikachukua spana namba kumi. Loo, ikazima! Keshokutwa yake ikawaka tena, nikachomoa tena. Mwisho nikawa nachomoa kila asubuhi kabla watu hawajatoka nje. Mke wangu alidhani natunza gari.

Ndipo Zuhura, binti wa kwanza wa dada yangu, akawa amemaliza unyago kwa bibi yake Kitangari. Wageni walikuwa wanangoja huku juu Newala, nyumbani kwa dada. Mwali hubebwa mabegani, miguu yake isiguse chini, na vijana walikwishajipanga. Mimi nikawatawanya. Nikasema siku hizi tumeendelea, mwanangu atakuja kwa gari.

"Kaka," dada akaniuliza, "na ile taa ya njano uliyokuwa unaisema?"

"Ilijizima yenyewe, Mama Zuhura. Gari la Kijapani lina akili."

Akachungulia ndani. "Mbona saa ya gari inasema saa saba, na sisi hata chai hatujanywa?"

Kumbe kila nikichomoa betri na saa inarudi mwanzo! "Hiyo ni saa ya Japani," nikamjibu. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Dada hakucheka. Alisema tu, "Sawa kaka, nakuamini."

Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Nikashuka kumchukua mwali. Tulitoka Kitangari vizuri, kinamama na wadogo zake shemeji wakitufuata kwa miguu na ngoma zao. Zuhura alikaa nyuma na kanga mpya na shanga, kichwa ameinamisha. Pembeni yake alikuwa somo wake, mama aliyemfunda. Tulipoanza mpando, gari likawa zito. Nikakanyaga mafuta, halisikii. Ikaja harufu ya mayai yaliyooza, somo akaziba pua akaniangalia mimi.

"Ni gari," nikasema.

"Sijauliza," akajibu.

Katikati ya mlima likazima kabisa. Wale kinamama tuliowaacha nyuma wakatufikia wakiimba, wakatuona. Ngoma ikakatika. Nikafungua mlango, nikainama kwenye vumbi, nikambeba Zuhura mabegani mwenyewe. Mwali haruhusiwi kusema njiani, lakini alininong'oneza sikioni: "Pole, mjomba."

Nilitamani ardhi inimeze! Nilikwenda hatua chache tu, umri na kilima vikanishinda. Wadogo zake shemeji waliokuwa kwenye msafara wakampokea mabegani mwao. Mwali wa ukoo wetu akaingizwa nyumbani na upande wa baba yake, si na mjomba, mbele ya wageni wote. Mimi nilifika baadaye, jasho mpaka kwenye soksi. Dada alinipa maji ya kunywa, na huku kwetu maji yana tabu yake. Afadhali angenitukana.

Gari lilivutwa mpaka Masasi. Fundi akafungua ekzosi: masega yameyeyuka na kuziba, kama ukoko wa ugali chini ya sufuria.

"Kumbe haikuwa kweli kwamba taa inazimika yenyewe," nikamlaumu.

"Ingezimika, mzee, ungebadilisha plagi. Wewe ulipokuwa unachomoa betri, gari lilikuwa linasahau kila kilichopimwa, linaanza upya. Hukulipa nafasi ya kujizimia."

Basi wenzangu wenye magari, kama mnajiuliza, jibu nililinunua kwa aibu: ndiyo, taa inaweza kujizima, ubovu ukiondolewa. Ukiizima wewe, ubovu unabaki, wewe ndiye huuoni. Na dada akikuuliza, mwambie ukweli. Atakukasirikia siku mbili.

Wa kwangu hajanikasirikia. Mwaka jana mdogo wake Zuhura alipotoka unyago, walimwita mdogo wangu wa mwisho awe mjomba wa kumleta. Mdogo wangu ana baiskeli. Haina taa hata moja.