Mtaa Uitwao Bado

Baba mkwe wangu ni fundi uashi, na ndiye aliyeupa mtaa wetu jina bila kukusudia. Zamani, kabla jiji halijatufikia, karani wa ardhi alimkuta juu ya jukwaa akipima ukuta kwa timazi, akamwuliza, "Fundi, hapa panaitwaje?"

"Bado," akajibu, maana hapakuwa na jina. Karani, mtu wa haraka zake, akaandika "Bado" na kugonga muhuri.

Utani hauishi. Shangazi yangu alinipigia simu kuuliza nimeolewa wapi. Nikamwambia, "Bado." Akanipa pole! Lakini jina lenyewe limetukaa. Huku kila paa limechomoza nondo, na kila familia inaishi vyumba viwili huku ikisimamisha cha tatu.

Mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu, mwenye geti jeusi, alikusanya sahihi ili tuitwe Bustani. Bustani gani, na maua hatuna! Wiki nzima baba mkwe hakula vizuri. Jina lile ndiyo alama pekee aliyoiacha mjini, maana kuta hazisainiwi.

Jumamosi tulikutana shuleni. Mwalimu akasoma karatasi yake: "Jina hili linatuaibisha. Aliyelitoa hakujua analofanya."

Mzee akasimama, viwiko vimejaa vumbi la saruji.

"Mwalimu, mvua za juzi, nyumba niliyokujengea ilivuja?"

"Haikuvuja."

"Ina ufa?"

"Haina."

"Ulitaka kuhamia mapema, nikakukatalia kwa sababu zege halijakomaa. Ukanitukana mbele ya vibarua wangu."

"Nakumbuka, fundi."

"Basi badilisheni jina, sina kinyongo. Ila usiwaambie watu kwamba sijui ninalofanya." Akakaa.

Mwalimu aliitazama karatasi yake yenye sahihi zote zile, akaichana vipande viwili. "Nimekosa, fundi," akasema. "Nisamehe."

Mzee alikuwa anajifuta machozi kwa kiganja kigumu, nami, pamoja na aibu zangu zote za ukwe, nikamshika mkono mbele za watu.