Siku Jakony Alipoomba Msamaha

Juzi nilikuwa saluni Kondele nikisukwa, kichwa nimekiinamisha kifuani, niliposikia mtu akikohoa kwenye televisheni iliyoangikwa ukutani. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu mwenye neno analoogopa kulisema. Sikuhitaji kutazama. Nilimuuliza msusi, huyo mwigizaji leo ni daktari au ni mlevi? Akaniambia ni karani wa chifu. Nikacheka peke yangu, na tangu hapo nimekuwa nikimkumbuka bibi yangu.

Sisi watoto tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita bibi zao. Watu wazima walimwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwao alikozaliwa. Alikuwa na hoteli ndogo ya mabati hapo hapo Kondele, mahali pa chai ya maziwa na mandazi, yenye benchi nne. Juu ya kabati la vikombe ilikaa televisheni yenye tumbo kubwa nyuma, ambayo ilikuwa lazima ipigwe kofi la ubavu ndipo ionyeshe watu. Jumapili jioni, mchezo wa kuigiza ulipoanza, hukupata pa kukaa.

Wateja walikuja kuwatazama wale wakubwa wa mchezo, vijana wazuri na mabibi wenye magari. Dani alimtazama mtu mmoja tu. Jina lake hatukulijua, maana majina yalipita mbio mwishoni, na Dani hakujua kusoma. Akampa jina mwenyewe: Jakony, yaani msaidizi. Alisema wale wakubwa bila yeye wangeanguka kama paa lisilo na nguzo. Mara alikuwa bawabu aliyelala amekumbatia rungu, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Mara akawa mchungaji aliyetembea kwa ncha za vidole kana kwamba sakafu ya kanisa inachoma. Mara daktari aliyeleta habari mbaya kwa maneno matatu, kisha akaikunja miwani yake polepole, na benchi zote nne zikanyamaza.

"Mwangalie miguu," Dani aliniambia. "Hao wengine wanabadilisha nguo tu. Huyu anabadilisha mpaka miguu."

Basi nikajifunza kutazama miguu. Nilikuwa darasa la tatu, na sidhani kuna somo nililolishika vizuri zaidi mwaka ule.

Kisha Jakony akapewa sehemu ya shemeji mbaya. Katika mchezo ule ndugu yake alikufa, naye akamfukuza mjane kwenye boma na kurusha sufuria zake nje. Aliifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi. Dani aliitazama amesimama, birika mkononi, wala hakummiminia mtu chai mpaka sehemu ile ikaisha. Jumapili mbili hakuniambia lolote kuhusu miguu.

Wiki iliyofuata, alasiri moja ya mvua, mtu mmoja aliingia hotelini akijifunika gazeti juu ya kofia. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, amevaa sweta lililolegea viwiko. Akakohoa. Vijiko vikasimama vikombeni. Kijana mmoja wa bodaboda akainuka kumpisha, na Jakony akakaa kwenye benchi letu kama mtu yeyote, akaomba chai ya moto. Alisema anaelekea Katito kwa msiba, anangoja mvua ipungue.

Dani hakuleta chai. Alikuja akajifuta mikono kwa leso, akasimama mbele yake.

"Yule mama ulimfukuza," alisema, "sasa analala wapi?"

Wateja wawili watatu wakacheka. Mama yangu akatoka jikoni mbio, akamwomba mgeni radhi, akasema mama yake anapenda sana televisheni. Lakini Jakony hakucheka. Alimtazama Dani usoni, akavua kofia yake iliyolowa, akasimama.

"Mama, nilikosa," alisema. "Haikuwa haki kumtoa kwa nyumba ya bwana yake. Nisamehe."

"Na mti wangu wa ndimu uliukata," Dani alisema.

Nilifungua mdomo kusahihisha. Katika mchezo ule hapakuwa na ndimu wala mti wowote, nilikuwa na hakika. Mama alinishika bega, akanibana.

Jakony naye lazima alijua hakukata mti. Nilimwona akifikiri. Kisha akainamisha kichwa.

"Hata huo mti, Mama. Nisamehe."

Dani aliifunga leso yake kiunoni, mvua ikipiga mabati. Halafu akaenda kumletea chai, na mandazi mawili ambayo hakuyaomba. Mvua ilipopungua Jakony alimpa mkono, akaenda zake. Usiku huo nilimwambia Dani kwamba amekosea kuhusu ndimu. Aliniambia ninyamaze nilale.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponieleza, tukichambua mboga. Babu alipokufa, ndugu yake alimtoa Dani kwenye boma lao karibu na Katito, pamoja na watoto wake wawili, Mama akiwa mmoja wao. Mchana huo huo akaukata mti wa ndimu ambao Dani aliupanda alipoolewa, ili asiwe na kitu cha kurudia. Shemeji huyo alikufa bila kutamka neno la kuomba radhi. Dani, aliyenifundisha mimi maana ya kuigiza, alijua vizuri kabisa nani alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa amelingoja neno lile miaka mingi, akalipokea kwa aliyeweza kulisema. Na yule mgeni, ambaye hakuna aliyempa karatasi ya kusoma, aliijua sehemu yake mara moja.

Mwezi mmoja baada ya Jakony kupita kwetu, Dani alifunga sukari na majani ya chai kwenye kitambaa, akamwachia Mama hoteli, akaenda Katito kumwamkia mjane wa shemeji yake. Alikaa huko siku tatu. Mimi nilidhani amekwenda kutembea tu.