Sikio la Fundi Fakihi

Hamida alikuwa akijisifu kwa majirani wa Chamazi kwamba uzee umemlainisha mumewe. Siku hizi ukimwambia lolote anaitikia kwa kichwa, habishi. Laiti angejua! Fakihi habishi kwa sababu hasikii. Miaka ishirini na mitano ya kusimama kando ya majenereta ilikuwa imemla masikio, na hakuwa amemwambia mtu, hata huyo mkewe.

Angeanzia wapi? Kazi yake ni kukagua chenjiova, lile sanduku la ukutani linalohamisha jengo kwenda kwenye jenereta umeme wa gridi unapokatika. Mafundi wengine walisifiwa kwa vipimo vyao, yeye alisifiwa kwa sikio. Alikuwa akizima umeme mkubwa, anafumba macho, anahesabu mpaka jenereta liwake, kisha anasubiri mlio wa swichi ikihama: tak! Ukiwa mkavu, ndani kuko salama. Ukiwa na mkwaruzo, anafungua.

Jumanne ile alikuwa kwenye kituo kimoja cha afya huko Madale, kama kila mwezi. Sista Kokuberwa, mkuu wa wodi ya wazazi, alihakikisha hakuna mama chumba cha kujifungulia, akampungia mkono. Fakihi akazima. Alipohesabu hadi nane taa zikarudi. Akarudisha gridi, akazima jenereta, akachukua daftari na kuandika kama alivyoandika mwezi uliopita: "Mlio safi."

Kokuberwa alimsogelea usoni. "Fundi, mbona kuna kitu kinanguruma?"

"Jenereta hilo, sista."

"Jenereta si umeshalizima? Mie nasema hili sanduku."

Fakihi alitaka kuja juu. Nesi amfundishe kazi! Lakini aliweka kiganja kwenye mlango wa chuma, na chuma kilikuwa kinatetemeka, tena cha moto. Akakata umeme pande zote mbili, akapima kuhakikisha, akafungua. Nati moja ilikuwa imelegea, na kiungo ilichokishika kimeungua, cheusi tii. Siku yoyote gridi ingekatika, swichi ingeganda hapo hapo, na kitanda cha kuwapashia joto watoto njiti kingepoa.

"Imeanza leo?" aliuliza.

"Aa, hata mwezi uliopita ilikuwa hivi hivi. Nikajua ndo kawaida yake. Si ulikuwa umesimama hapo hapo, fundi?"

Ni kweli, alikuwa amesimama hapo hapo. Aibu ilimshika mpaka miguuni. Alibadilisha kiungo, akakaza nati zote moja moja, akafuta vumbi, akajaribu upya huku kiganja kikiwa mlangoni. Safari hii mlango ulitulia. Kisha akafungua daftari, akakata "Mlio safi" ya leo, akarudi nyuma akakata na ya mwezi uliopita.

Angeweza kukusanya vifaa vyake akaenda zake. Ubovu umeshatengenezwa, nani angemuuliza? Alifika mpaka mlangoni, akageuka.

"Sista, mie sisikii. Mwezi uliopita sikusikia, na leo sikusikia."

Kokuberwa akasema kitu kwa upole. Fakihi aliona midomo ikicheza, na kichwa chake, kwa mazoea, kikaanza kuitikia. Akakizuia.

"Sema tena, sista," aliomba. "Kwa sauti."