Niliambiwa niainishe watu wa nyumbani kwetu, shangazi akaisusa posa yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Shangazi ninayemtaja yuko hai na ana simu, nikitia chumvi atanisuta mbele za watu. Kwa hiyo nasema kama yalivyokuwa.

Miaka hiyo Tunduma bado tunahesabiwa Mbeya. Nilikuwa narudia pepa ya Kiingereza ya form four, nasoma tuisheni pale Mpemba, jirani na Tunduma, kwa Mwalimu Silwimba. Mpole sana, ila kalamu yake nyekundu haina huruma.

Siku hiyo katuletea kitu kinaitwa classification paragraph. Yaani unachukua vitu vingi, unavigawa makundi, unaandika aya ya kueleza kila kundi. Sharti ugawe kwa kigezo kimoja tu, na mtu mmoja asitokee makundi mawili.

Nikasema moyoni, mbona hii kazi ya darasa la tatu!

Homework: ainisha watu wote wanaoishi au wanaofika nyumbani kwenu.

Wakuu, hapo ndipo wenge lilipoanza.

Sisi ni Wanamwanga. Mpaka umepita katikati ya ukoo, nusu tuko Tunduma, nusu wako Nakonde upande wa Zambia, na kwenda kwao ni kwa miguu tu. Kaka yangu analala huku, duka lake liko kule. Bibi shamba lake Zambia, kanisa lake Tanzania.

Nikaandika: kwetu kuna Watanzania na Wazambia. Mwalimu akauliza, "Bibi yako umemweka wapi?"

Nikamjibu kote kote. Akapiga mkasi, yaani kosa.

Nikagawa kwa lugha. Nikakuta wote wanaongea Kinamwanga, Kiswahili na Kibemba, inategemea wanauza nini. Mwalimu akasema, "Binti, hilo ni kundi moja, hujagawa kitu." Kichwa kikawaka moto. Mtu wa kawaida anawezaje kushindwa kupanga ndugu zake?

Mwisho nikapata akili. Wenyeji na wageni! Anayelala kwetu ni mwenyeji, asiyelala kwetu ni mgeni. Mwalimu akaweka vema kubwa, akaandika Good. Nikarudi nyumbani natembea kama nimeshafaulu.

Sasa niwaambie kuhusu Shangazi Rhoda, dada yake baba. Mama alifariki mimi sijaanza shule. Shangazi ameolewa Nakonde, ila kila asubuhi alivuka, ananiogesha, ananisuka, ananilisha, jioni anarudi kwa wanawe. Mpaka nakuwa mkubwa hajawahi kupita mlango wa mbele wa kwetu. Yeye ni uani moja kwa moja, hata hodi hapigi.

Na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wazee wa Jofrey, mchumba wangu, walikuwa wanakuja kuleta posa. Kwetu posa haipokelewi bila shangazi. Yeye ndiye anayemuuliza binti kama anawafahamu hao waliokuja. Asipokuwepo, wageni wanageuza na mambo yao.

Mimi na kiherehere changu, nikakaa uani naisoma aya kwa sauti, natafsiri sentensi kwa sentensi. Shangazi anakatakata mboga. Nikafika pale: "Wageni wetu ni kama Shangazi Rhoda..."

Kisu kikatua kwenye sinia.

"Mimi mgeni?"

"Shangazi, ni homework tu. Kigezo ni kulala."

"Nimekufuta kamasi mpaka umeota matiti, leo kigezo ni kulala?"

Akajifunga kitenge chake, akaondoka. Na alipita mlango wa mbele.

Baba aliposikia alishika kichwa. "Sasa Jumamosi nani atasimama? Umeandika nini wewe?" Nikamwonyesha ile Good ya mwalimu. Hakutaka hata kuiona.

Kesho yake nikavuka. Shangazi akafungua mlango akatabasamu: "Mwaiseni mukwai."

Wakuu, hilo ndilo karibu analowapa watu baki wanaokuja kununua vitenge vyake! Akanikalisha kwenye kochi. Akatoa glasi za kabatini, akanimiminia soda, akaniletea maji ya kunawa. "Mgeni wetu, za Tanzania?"

Mimi kwake huwa naingilia jikoni, nakwangua sufuria. Soda sikuigusa. Nililia, na yeye ananipa leso kwa adabu zote, kama tuko msibani kwa jirani.

Nikatoka nje, nikazunguka nyuma, nikaingia jikoni bila hodi. Ugali ulikuwa motoni. Nikachukua mwiko nikaanza kusonga.

Akaja akasimama mlangoni. Mimi nasonga, machozi yanadondoka.

"Usiache madonge," akasema, akarudi sebuleni.

Nikarudi Tunduma sielewi. Amesamehe, au ameutetea ugali wake tu?

Jumamosi wazee wa Jofrey wakapiga hodi mbele. Wakakaa. Baba anazungumzia mvua, halafu mahindi, halafu mvua tena. Mzee mmoja akaanza kutafuta kofia yake.

Mara mlango wa uani, paa!

"Wako wapi hao wanaotaka kuniibia mtoto?"

Wakuu, kidogo nipige vigelegele! Shangazi akanishika mkono, akanipeleka mbele yao.

"Unawafahamu hawa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ni kina nani hapa kwetu?"

Nikamwangalia. Hakucheka hata kidogo.

"Ni wageni."

"Haya. Wageni wanakaa sebuleni. Wewe twende jikoni."

Aya niliiandika upya, na posa nikaitaja humo: wanaopiga hodi mbele na wanaoingilia uani. Mwalimu akaandika pembeni, "Na huyo mchumba je?" Mpaka leo sijapata jibu. Tuna watoto, na bado Jofrey kwa baba anapiga hodi mbele, ila jioni namkuta uani anammenyea shangazi karanga.

Na mtihani ulipokuja, swali likawa ainisha vyombo vya usafiri! Nilicheka mpaka msimamizi akanisogelea.

Nilichojifunza ni kwamba baiskeli haisusi. Binadamu ukimpanga, jiulize kwanza yeye mwenyewe anajiona yuko wapi.

Haya, na nyie semeni. Mngemweka shangazi kundi gani? Na Jofrey wangu je?