Bolti Nene za Gari Jekundu

Jirani yangu hapa Kitengela alikuwa nesi. Wiki nzima mikono yake ilinuka dawa ya hospitali, na Jumamosi ikanuka grisi, kwa sababu siku hiyo ungeona miguu yake tu ikitokeza chini ya gari jekundu la michezo aliloachiwa na babake. Mwaka wa mvua ya El Niño, bolti ya springi ya mbele ilikatika kwa mlio mkali kwenye mteremko wa kwenda Magadi, gari likaingia mtaroni naye ndani. Watu walimwambia aliuze kama chuma chakavu. Yeye akatafuta bolti nene zaidi, za chuma kigumu, akazifunga mwenyewe, na kila akimaliza moja aliigusa kwa vidole viwili, kama anayetafuta mpigo wa mshipa wa mgonjwa.

Kisha akaniita. “Mama Sheryl, ingia twende Magadi.”

Kwenye mteremko ule ule, gurudumu likatumbukia shimoni. Nikafumba macho. Gari likatoka, likaendelea mbele likiwa limenyooka, wala usukani haukutetemeka.

“Umesikia nini?” akaniuliza.

“Sijasikia kitu.”

“Hata mimi,” akasema, akaanza kucheka, mpaka ikabidi asimamishe gari kando ya barabara tucheke vizuri.