Kiti Kilifika, Mtoto Hakufika

Haya ninayotaka kuwasimulia yalinifika mbele ya uwanja mzima wa watu, nyumbani kwetu Matsangoni, na mpaka leo nikipita pale madukani barabarani kuna mmoja wawili ambao huangalia pembeni ili wasinicheke usoni (nawaona, tena nawajua kwa majina), basi bora niyaseme mwenyewe kuliko kusemewa: mimi, mtu mzima mwenye ndevu na mke, niliwafanya majirani, shangazi yangu na mama yangu mzazi wauombee dua mkebe wa maziwa ya unga. Wenzangu, chekeni tu. Hata mimi nimeshajaribu kuyacheka, lakini huwa sifiki mwisho.

Mama alikuwa na sukari ya miaka mingi. Ilishamla macho, ikawa inamla figo, na wakati ninaousema alikuwa hatoki chumbani ila kwa kushikwa. Mimi na mke wangu Zuhura tunakaa Nairobi kwa ajili ya kazi, na Mungu alipotujalia mtoto wa kike, wa kwanza, baada ya kungoja mpaka watu wakachoka kutuuliza, tukampa jina la mama, Saumu. Tangu siku hiyo mama hakuwa na neno jingine kwenye simu, ni somo yangu hajambo, somo yangu ananyonya, somo yangu ataletwa lini. Alisema kumuona hawezi, macho hana, anachotaka ni kumwekea mkono kichwani amsomee, kisha Mungu akimhitaji yeye amchukue. Na daktari wa Kilifi alikuwa ameshanivuta kando akaniambia nisingoje likizo ya Disemba.

Basi nikakata tikiti za ndege, mimi na Zuhura na mtoto mapajani. Kulikuwa na kile kiti cha mtoto cha garini, chenye mishipi na mkono wa kubebea, ambacho wenzangu kazini walituchangia, na Zuhura alikuwa ameapa mtoto wake hapandi gari bila hicho kiti, kwa hiyo ikabidi nikodi na gari Malindi la kutusubiri uwanja wa ndege, maana tuktuk huwezi kuifungia kiti cha namna ile. (Msinione mwema sana. Nilitaka pia Matsangoni wanione nashuka kwenye gari nyeupe nikiendesha mwenyewe.) Zuhura hapendi nafasi ipotee, ndani ya kiti akashindilia nepi, blanketi la mtoto, na katikati ya blanketi mkebe wa maziwa ya unga, kisha juu akafunika leso na kuifunga mafundo huku na huku visimwagike. Tulipofika uwanja wa ndege tukakikabidhi na mizigo, kwa jina langu, kikaenda zake.

Tukiwa tumekaa kungoja kuitwa, mtoto akaanza kuchemka. Alikuwa amechanjwa juzi yake, tukadhani ndiyo homa ya chanjo, mara akatapika, mara macho yakawa mazito, na Zuhura akasimama akaniambia hapandi ndege na mtoto katika hali ile, anarudi kumpeleka kwa daktari. Nikataka kurudi nao. Akanikataza. Akasema mama ameshaambiwa ni leo, isiwe hakumfikia mtu kabisa, niende mimi, wao watanifuata mtoto akipata nafuu. Nikawapandisha teksi, nikarudi ndani nikiwa nimechanganyikiwa, nikapanda.

Sasa hapo ndipo. Ningepiga simu nyumbani pale pale, nikamwambia shangazi mtoto ana homa, haji leo, mambo yangeishia hapo na mimi ningebaki mtu wa heshima. Lakini nikajiambia habari kama hii mgonjwa haletewi kwa simu, nitamwambia mwenyewe nikifika, nimemshika mkono, taratibu. Nikajiona nina busara. Nikazima simu, nikafunga mkanda.

Malindi mizigo ikaletwa, na kiti nacho kikaja na leso yake vilevile, hata fundo moja halikulegea. Yule bwana wa gari la kukodi alikuwa ananisubiri nje, na kwa kuwa nilikuwa nimemwagiza atayarishe nafasi ya kiti, akakipokea, akakifunga vizuri kwenye kiti cha nyuma kwa mkanda, akavutavuta kuona kama kimekaza, ndipo akauliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia kaugua, kabaki na mamake. Akaniambia pole. Mtu nisiyemjua, nilimwambia ukweli bila hata kumeza mate.

Njia nzima nikawa najifunza maneno. Nilipopita Gede nilikuwa nimeshayapanga: mama, somo yako anakusalimia, ana homa kidogo, anakuja wiki hii inshallah. Mazuri kabisa. Nikakunja kuingia kwetu nikakuta uani pamejaa watu, na barazani mama amekaa kwenye kiti, ameogeshwa, amesukwa, amevaa leso mpya, mikono ameiweka juu ya mapaja viganja vikiwa juu. Shangazi Mwanaisha, dada wa marehemu babangu ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza, alikuja mbio mpaka dirishani, akachungulia nyuma, akaona kiti kimefungwa mkanda na leso imevimba, akageuka akajiwekea kidole mdomoni watu wanyamaze. Nikashuka. Nikamwendea mama nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku kichwa amekielekeza kwenye gari wala si kwangu.

"Kalala?" akauliza.

Nami nikamtazama uso. Jamani, sikuwa nimeuona uso ule tangu babangu yuko hai. Nikasema, "Kalala, mama."

Neno moja. Nilidhani nanunua dakika chache tu, watu wapungue, nimwingize ndani nimwambie tukiwa wawili. Lakini watu wa kwetu wakija kumpokea mtoto hawapungui, wanazidi. Shangazi akataka kukitoa kiti, nikamwahi nikakitoa mwenyewe, tena nikainamisha bega upande mmoja ili kionekane kizito (mnaona nilikofika), nikakiweka miguuni pa mama. Jirani mmoja akanyoosha mkono afunue leso, shangazi akamzuia, akasema mtoto huyu hafunuliwi kwenye macho ya watu kabla nyanyake hajamsomea, kuna jicho. Nikamshukuru Mungu kwa jicho. Shangazi akauliza mama yake mtoto yuko wapi, nikasema amepitia Malindi kwa jamaa zake, anakuja nyuma. Akauliza na mtoto akiamka atanyonya nini, nikasema maziwa ya mkebe yapo. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Mama akainama. Akapapasa mpaka akaipata leso, akapitisha mkono juu yake polepole, ukafika pale katikati penye mviringo, ukatulia. Akacheka kidogo. Akasema kichwa hiki ni cha babake Athumani, hiki hakina shaka (Athumani ndiye mimi, yaani cha marehemu babangu), na wanawake wakacheka naye, wengine wakajifuta machozi. Kisha akasoma. Alisoma Fatiha, akasoma na sura nyingine ambazo sikujua kama bado anazikumbuka, akapuliza juu ya leso, na mwalimu wa madrasa aliyekuwa ameitwa akainua mikono akamwombea mtoto umri na imani na wazazi wema, uwanja mzima ukaitikia amin, na mimi nikaitikia amin. Mama akainua kidole watu wanyamaze. Akasema, "Sikizeni. Namsikia anapumua."

Ningesema hapo. Najua. Lakini niambieni ningeanzia wapi.

Nikanyanyuka, nikajifanya naenda msalani, nikazunguka nyuma ya nyumba kumpigia Zuhura, nimwombe apande ndege ya kwanza atakayoipata hata kwa kukopa, kama mtoto amepata nafuu. Simu inaita haishikwi. Nikapiga tena. Alikuwa kwa daktari, amemkumbatia mtoto, simu iko mkobani, baadaye aliniambia. Nikawa bado nina simu sikioni niliposikia ukemi wa shangazi, na ule haukuwa ukemi wa kuitana.

Shangazi alikuwa ameona mtoto amelala mno. Akaingiza mkono chini ya leso mpaka ndani ya blanketi kutazama kama amelowa, na alichokigusa kilikuwa kigumu, cha baridi, wala hakikutikisika. Nilipotokea mbele, wanawake walikuwa wameshika vichwa, mwalimu anasema inna lillahi, na Kahindi, jirani yetu wa toka utotoni, amekibeba kiti anakimbilia gari huku ananiita nitoe funguo twende hospitali, machozi yanamtoka. Na mama pale barazani amenyoosha mikono miwili mbele, hewani, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipeni. Nipeni somo yangu." Hakuna aliyempa.

Nikasimama mbele ya gari nikasema hakuna mtoto. Kahindi akanishika bega, akawaambia watu msiba umenipanda kichwani, nishikwe. Wawili wakanishika. Nikasema tena hakuna mtoto, mtoto yuko Nairobi, mzima, na nilivyosema hivyo ndivyo walivyozidi kunikaza na kunipa pole. Ikabidi nijichomoe, nikaivuta leso kwa nguvu mbele ya wote, mafundo yakakatika, nepi zikamwagika mchangani, na mkebe ukatoka ndani ya blanketi ukabiringika mpaka kwenye ngazi ya baraza, ukagota, ukasimama.

Halafu mwanamke mmoja akacheka. Simlaumu, alikuwa ametoka kulia, naona kicheko kilimponyoka tu. Lakini kikamponyoka na mwingine, na mwingine, mpaka uani pakawa ni kicheko kitupu, na mimi nimesimama na leso mkononi. Mama alikuwa anageuza uso huku na huku kutafuta sauti. Akauliza kuna nini, kuna nini nyinyi, na hakuna aliyemjibu, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Nikapanda barazani nikapiga magoti.

"Athumani," akaniambia, "nilimshika nini?"

"Mkebe, mama. Mkebe wa maziwa. Mtoto ana homa, kabaki na Zuhura."

Mikono aliirudisha mapajani, viganja chini safari hii. Nilingoja anitukane, wallahi ningefurahi. Akasema tu, taratibu, "Na mimi nikasema namsikia anapumua," kisha akamwomba shangazi amrudishe chumbani.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yangu haikufika hata adhuhuri. Ila wenye kusema hivyo hawasemi ni nani anayelipia. Mimi nilichekwa, na kuchekwa kunapita. Mama ndiye aliyebaki kuwa yule bibi aliyesikia mkebe ukipumua. Watoto wa mtaani waliigiza, nikawafukuza, wakaenda kuigiza mbali kidogo. Wakubwa walikuja kumtazama wakasema kwa huruma kwamba akili nayo imeanza kumtoka, na hilo mama alilisikia, maana masikio yake yalikuwa mazima. Barazani hakukaa tena. Chakula nikimpelekea mimi alipokea, akasema ahsante, akaniuliza kama nimelala vizuri, na hakuniuliza tena habari ya somo yake hata mara moja.

Zuhura alikuja kabla ya wiki kuisha. Homa ilikuwa imeshuka siku ya pili yake tu. Nilikwenda kumpokea Malindi, nikamfunga mtoto kwenye kile kiti, nikaendesha nikimtazama kwenye kioo mara kwa mara hata Zuhura akanigombeza nitazame barabara. Nyumbani nikambeba mwenyewe mpaka chumbani, nikamlaza kitandani ubavuni kwa mama, nikasema, mama, somo yako huyu hapa. Mtoto alikuwa macho, anatupa miguu, anaguna.

Mama hakutoa mkono ndani ya shuka.

"Huyu yupo?" akauliza.

Nikasema yupo, mama.

"Si wewe," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniuma. "Mwite Zuhura aniambie."

Zuhura alikuwa mlangoni, amesikia. Akaja akapiga magoti, akauchukua mkono wa mama akasema, "Yupo, mama. Mimi nimemleta." Ndipo mama akautoa mkono wa pili, akaupeleka kichwani kwa mtoto, akarudi akaushika uso wote, pua, masikio, shingo, vidole vya miguu, kama mtu anayehesabiwa kitu asidhulumiwe. Akamsomea. Muda wote anasoma alikuwa hajauachilia mkono wa Zuhura. Mimi nilisimama karibu na dirisha sina pa kuweka mikono yangu.

Alifariki kabla ya mfungo. Alikuwa ameshanisamehe, aliniambia kwa mdomo wake, zaidi ya mara moja, na mimi naamini alisema kweli kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kusema jambo ili kumpendeza mtu. Lakini kusamehewa ni kitu kimoja na kuaminiwa ni kingine, na hicho cha pili wakati haukutosha.

Tangu hapo nimejiapiza, habari mbaya nikiwa nayo naitoa kabla sijavua viatu. Nikigongewa mlango nikaulizwa jambo, najibu hapo hapo mlangoni, hata chai ipoe, hata mtu azimie. Zuhura huniambia nimezidi, kuna maneno ya kungoja mtu akae kwanza. Simbishii. Yeye mama alimwamini.