Bangkok Tuliyoisoma Norsborg

Sijawahi kufika Bangkok. Lakini najua kwamba jumba la wafalme huko yafaa kwenda kuliona asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kwamba usipofunika mabega na magoti walinzi watakurudisha mlangoni. Najua kuna sanamu ya Buddha aliyelala ubavu, imepakwa dhahabu mwili mzima, na nyayo zake peke yake zinampita mtu mzima kwa urefu. Haya niliyasoma kwa sauti kando ya kitanda, katika nyumba yetu ya Norsborg, pembeni mwa Stockholm, majira ya baridi ambayo mke wangu alikuwa anakufa.

Kitabu nilikiazima maktaba ya Hallunda. Kilikuwa cha Kiswidi, cha watalii, chenye picha nyingi. Mimi shule niliishia darasa la saba, na Kiswidi changu nimekiokota jikoni, kwenye shule ninakoosha masufuria. Kwa hiyo nilisoma kwa kidole, mstari mmoja mmoja, kisha nikausema kwa Kiswahili. Nilipokosea mke wangu alinirekebisha akiwa amefumba macho. Yeye alikisoma Kiswidi darasani, akapata cheti cha kuhudumia wazee.

Huko kazini ndiko alikoipata Bangkok. Alikuwa akimwogesha bibi mmoja wa Kiswidi ambaye ukuta wake wote ulikuwa picha za mji ule, na bibi yule hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia. Mke wangu akarudi nyumbani nazo, hadithi za mto na boti na masoko. Alisema watoto wakishakua tutaenda sisi wawili, tukatembee kama watalii, tusimpelekee mtu yeyote zawadi.

Kisha ikaja saratani ya kongosho. Daktari alituambia wote wawili, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba dawa zimefika mwisho. Tulirudi na treni. Tulipovua viatu mke wangu akasema tu, "Niwekee chai, baba watoto."

Wanawake wa maombi walikuja jioni ile ile. Ni kundi letu la kanisa, Watanzania wachache, Wakenya, Warundi, na wengi wao Wakongo. Kiongozi wao ni mama wa Bukavu ambaye kwa kweli alitupikia na kutufulia miezi mingi, na hilo sitalificha. Nilimweleza alichosema daktari. Akanivuta jikoni.

"Papa, ile maneno usiirudilie tena. Ulimi ndio unaua. Daktari ni mutu tu."

"Lakini mwenyewe amesikia."

"Amesikia kwa masikio. Usimufanye asikie kwa roho."

Basi ikawa sheria ya nyumba. Hakuna kutaja kifo, hakuna kuaga, hakuna kulia mbele yake. Kila aliyeingia alimwambia anaonekana vizuri. Yeye naye aliwajibu, "Amina." Mimi, kwa kuwa uongo hunishinda na ukweli nimekatazwa, nikachukua kitabu. Bangkok haikuwa uongo. Ipo kweli, na watu wanaenda.

Tuliutembea mji ule taratibu. Siku ya jumba la wafalme aliuliza kama kanga mbili zingetosha kujifunika. Siku ya bajaji alisema hapandi, kichwa chake si cha kugongeshwa. Niliposoma kuhusu bustani katikati ya mji, ambako kenge wakubwa hutoka ziwani na kupita kati ya watu wanaofanya mazoezi, alifumbua macho.

"Kenge? Nisafiri kote huko nikaangalie kenge? Kwetu Kigoma walikuwa wanatuibia mayai."

"Huko watu wanawapiga picha."

"Watoto wa watu hawana kazi."

Na siku ya soko la majini, ambako akina mama huuza chakula wakiwa ndani ya mitumbwi, nilikuta picha ya kikaango chenye mashimo, kina unga wa mchele na tui. Nikamwonyesha. Akaitazama sana. "Hivi ni vitumbua," akasema, kisha akageuzia uso ukutani, na siku ile hakutaka tena kusomewa.

Wanawake waliposikia habari za kitabu walifurahi. Wiki iliyofuata walikuja na begi la safari, jipya, la magurudumu. Walilijaza nguo nyepesi, ndala, kofia pana, wakaliweka miguuni pa kitanda. Mama wa Bukavu alieleza kwamba hiyo ni imani kwa matendo. Mungu aone tumejiandaa.

"Na miwani ya jua, dada," alisema Mkenya mmoja mcheshi. "Usije ukatuaibisha huko, wakadhani umetoka ushago, kijijini kabisa."

Mke wangu alicheka huku ameshika tumbo. Binti yetu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa Kiswidi kwamba mama hawezi hata kufika chooni. Akakemewa kwa jina la Yesu. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo begi lile halikuweza kulibeba, na ndani ya nyumba hii, mbali na yeye mwenyewe, nililijua mimi tu. Baba mkwe wangu alipofariki, karatasi zetu za kuishi hapa zilikuwa bado hazijajibiwa, na aliyetoka asingeruhusiwa kurudi. Mke wangu hakwenda kuzika. Mama yake, kwa uchungu, alimwambia kwenye simu: "Baba yako hukumzika. Na mimi usije ukanizika." Baadaye wakaendelea kupigiana simu, wakacheka, wakaulizana hali. Neno lile halikuguswa tena. Kwetu neno la mzazi halichakai kwa kunyamaziwa. Aliyelitamka ndiye huliondoa: huchukua maji mdomoni, huyatema chini, akasema limetoka. Mke wangu alikuwa akilisubiri miaka yote. Sasa lilikuwa linaelekea kutimia, kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria, kwamba yeye atamtangulia mama yake.

Na mama mkwe hakujua. Kwake tulikuwa tumesema ni vidonda vya tumbo. Halafu wale wanawake, waliposhika simu kumsalimia, wakamwambia bintiye anajiandaa kusafiri kwenda kutembea Asia. Mzee wa watu akashangilia. Akaomba aletewe kitambaa cha hariri.

Baada ya simu hiyo muuguzi anayezunguka majumbani alikuja kuongeza dawa ya maumivu, akaniambia mlangoni kwamba sauti itaanza kupotea, na kama kuna la kuzungumza tusikawie.

Niliingia nikakaa. Nikafungua kitabu kwenye hekalu lililo ng'ambo ya mto, lile lililopambwa kwa vipande vya sahani za kaure. Nilisoma kidogo. Akaniwekea mkono juu ya ukurasa.

"Baba watoto. Tutaenda?"

Nilisikia maji yakipita kwenye bomba la joto ukutani. Nilimwogopa mama wa Bukavu, nilimwogopa Mungu, nilimwogopa yeye mwenyewe.

"Hapana," nikasema. "Hatutaenda."

Alilia. Sitasema kwamba alishukuru, kwa sababu hakushukuru. Alinisukuma mkono, akasema niliwaacha watu wamchezeshe kama mtoto. Ilikuwa kweli. Alipotulia aliomba maji, hakuweza kuyameza, akayaacha mdomoni kisha nikampangusa. Ndipo akasema, "Nipigie mama. Mwambie wewe kwanza, mimi sitaweza kuanza."

Nikampigia. Nikamwambia mama mkwe kwa maneno mepesi niliyoweza kuyapata. Sitayaandika hapa. Alipiga ukelele, simu ikaanguka, nikasikia kuku na mtu akikimbia. Jirani akaiokota. Baadaye sauti ya mama ikarudi, ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Mwanangu. Unaumwa wapi?"

"Kote, mama."

"Na mimi nimekuagiza hariri."

"Si neno, mama. Hukujua."

Kisha mke wangu, kwa ile sauti iliyokuwa inakwisha, akasema, "Mama, lile neno."

Hakuuliza ni neno gani. Alikuwa nalo naye, miaka yote. Tulimsikia akimwita jirani amletee kikombe. Tulimsikia akisukutua. Tulisikia maji yakipiga ardhi, huko Kigoma, mchana wenye jua, na hapa dirishani theluji ikianguka. "Limetoka," akasema. "Mimi niliyelisema nimelitoa. Baba yako hana kinyongo, na mimi sina. Nenda, mwanangu." Akalirudia hilo la mwisho mpaka jirani akamnyang'anya simu.

Sauti ya mke wangu ilikwisha kabla ya Jumapili, na yeye akafuata muda si mrefu. Ardhi ilikuwa imeganda, wakachimba kwa mashine.

Tulipotoka makaburini mama wa Bukavu, aliyekwisha kusikia nilichomwambia mke wangu, alinijia. Macho yalikuwa yamemvimba. Alimpenda mke wangu, sina shaka.

"Papa, tulikuwa tumefunga kwa ajili yake. Tulikuwa karibu. Ulimukatia maombi."

"Nilijibu alichoniuliza, mama."

"Ungenyamaza angekuwa hai."

Siku hizi nikikutana naye madukani Hallunda, hunisalimia kwa kichwa na kupita. Kundi halijarudi nyumbani kwangu. Kuna jioni najiuliza kama alisema kweli, maana mimi si mtu wa kujua mipaka ya Mungu.

Mama mkwe hunipigia. Hatuna maneno mengi. Huuliza kama theluji imeyeyuka pale juu ya mwanawe, nami humwambia ilivyo: bado, mama.